Karatasi ya Madebe Mawili

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita mwaka 2014, lakini kwa Winnie likizo ilikuwa jina tu. Kila siku aliamka kabla jua halijachomoza, akateremka mtoni kuchota maji, akafagia uwanja, kisha akaenda kumsaidia mama yake kutoa muhogo kwenye madimbwi ya kuloweshea. Muhogo uliolowa una harufu inayoganda mikononi hata ukisugua kwa majivu. Winnie alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, na alikuwa amekwisha kuizoea harufu hiyo. Kilichomshinda kuzoea ni kumtazama mama yake akirudi kutoka sokoni.

Mama yake, Pelagia, aliishi kwa biashara ya unga. Alinunua muhogo kwa majirani pale Kitahana, akaulowesha, akauanika, akausaga, kisha akaubeba unga kichwani mpaka soko la Kibondo mjini. Tangu mumewe Leonidasi afariki, hakuwa na wa kusaidiana naye mzigo. Akirudi jioni alikaa kizingitini, akanyoosha miguu iliyovimba, na Winnie akamletea maji ya moto yenye chumvi. Uchovu ulikuwa umehamia katika nyumba ile kama mgeni asiyeaga.

"Ningepata baiskeli," Pelagia alikuwa akisema, "ningepeleka magunia mawili kwa safari moja, tena shingo yangu ingepona."

Kitu kimoja tu cha thamani kilikuwa ndani ya nyumba yao, nacho kilikuwa karatasi. Leonidasi, kabla ya kufariki, aliuza ng'ombe na kumkopesha Bwana Harerimana shilingi laki moja na nusu za kununulia mashine ya kusaga. Karatasi ilisema hivi: Harerimana atarudisha laki moja na nusu hiyo si zaidi ya Desemba ya mwaka 2015. Akitaka kurudisha mapema, ni ruhusa. Na mpaka siku ya kurudisha, kila juma atamsagia mwenye karatasi madebe mawili ya muhogo bure.

Kwa desturi ya pale kijijini, karatasi ya namna hiyo iliweza kuuzwa. Mwenye nayo alimwita mnunuzi, wakakaa mbele ya balozi wa nyumba kumi, balozi akauliza maswali yake, wakapeana mikono, na deni likahamia kwa mwenye karatasi mpya.

Siku moja Winnie alikwenda mashineni na madebe yao mawili. Mashine ilikuwa ikinguruma, unga ukipepea hewani, na Harerimana alikuwa mweupe kuanzia kofia hadi viatu. Alipomaliza kusaga hakumwacha aondoke. Aliinama karibu na sikio lake.

"Winnie, mwambie mama yako Jumapili baada ya kanisa nitakuja na laki na nusu yake yote. Naihamisha mashine, naipeleka Kakonko. Siku hizi Kakonko ni wilaya, kuna maofisa, na maofisa hawatwangi, wananunua unga. Sitaki niondoke watu waseme Harerimana katoroka na deni. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Lakini usilitangaze njiani. Wateja wakijua naondoka, watanikimbia kabla sijafunga hata boliti moja. Mwambie mama yako tu."

Winnie akajitwika unga, akaondoka. Njia nzima ujumbe aliuhifadhi vizuri kichwani: Jumapili, laki na nusu, Kakonko.

Alipofika nyumbani alikuta wageni. Balozi, Mzee Bazilio, amekaa kwenye kiti pekee kilichokuwa na egemeo. Karibu naye, juu ya mkeka, alikaa Bibi Ntirampeba, jirani wa ng'ambo ya bonde. Bibi huyu aliletwa kutoka Burundi akiwa mtoto mgongoni, akakulia hapa, akapata uraia, na sasa alikuwa mjane anayeuza unga kwa akina mama wa vibanda vya chakula. Mbele ya mkeka kulikuwa na noti zimepangwa kwa mafungu.

"Laki mbili," Bibi Ntirampeba alikuwa akisema. "Nimeuza mbuzi wangu watatu. Laki mbili, Mama Winnie, sina hata mia zaidi."

Winnie alishusha mzigo. Hakuelewa. Alimsogelea mama yake na kumnong'oneza, "Mama, si karatasi ni ya laki moja na nusu? Mbona bibi anatoa laki mbili?"

Bibi Ntirampeba aliyasikia, akacheka kwa meno yake machache. "Njoo nikufundishe, mwana wanje, mwanangu, maana shuleni hawawafundishi haya. Kusaga debe moja ni shilingi ngapi?"

"Mia saba."

"Madebe mawili?"

"Elfu moja na mia nne."

"Kila juma, mpaka Desemba ya mwakani. Mwaka na nusu mzima! Hiyo inapita laki moja. Kisha Harerimana ananirudishia laki na nusu. Basi nikitoa elfu hamsini juu leo, mashine itanirudishia kidogo kidogo kabla mwaka haujaisha, na baada ya hapo nasaga bure kabisa. Umeona bibi huyu asivyo mjinga?"

"Na mimi napata baiskeli," alisema Pelagia. Winnie hakuwa ameisikia sauti ya mama yake ikiwa nyepesi namna ile tangu msiba. "Kasulu, kwa Bwana Isihaka, baiskeli ni laki moja na themanini. Hapa Kibondo ni laki mbili. Ijumaa tunakwenda, wewe na mimi."

Ujumbe ulikuwa mdomoni mwa Winnie. Alifungua kinywa, akamtazama mama yake, akazitazama noti, kisha akaitazama miguu ile iliyovimba. Akafunga kinywa.

Mzee Bazilio aliikunjua karatasi, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma misa. Kisha akauliza kama inavyotakiwa na desturi: "Pelagia, kuna neno lolote unalolijua juu ya deni hili ambalo mnunuzi halijui?"

"Hakuna, mzee. Harerimana hajawahi kukosa hata juma moja."

"Ntirampeba, unanunua kwa hiari?"

"Ego, ndiyo."

"Kuna mwingine mwenye neno?"

Winnie aliinama jikoni akapuliza moto ambao ulikuwa ukiwaka vizuri bila kupulizwa. Moshi ukamwingia machoni. Nyuma yake akasikia viganja vikipigana, mikono ikishikana, na Mzee Bazilio akisema, "Imehama. Nitamjulisha Harerimana Jumapili tukitoka kanisani."

Usiku ule Winnie alijiandalia jibu. Wakimwuliza, atasema mashine ilikuwa inanguruma, hakusikia kitu. Nani atabisha? Pale mashineni hata watu wazima wanazungumza kwa mikono. Jibu lilikuwa zuri, halina tundu. Lakini usingizi haukuja.

Alhamisi mama yake alimtuma ng'ambo ya bonde kurudisha ungo. Alimkuta Bibi Ntirampeba akifagia banda la mbuzi. Banda lilikuwa tupu, kamba tatu zimening'inia kwenye mlango.

"Nalisafisha niweke muhogo humu," alisema bibi, akishika kiuno kunyoosha mgongo. "Sasa kwa kuwa kusaga ni bure, nitalowesha mara mbili. Nimechoka, lakini naona nitachoka kwa faida. Kaa ule kiazi, umekonda kama kamba hizo."

Alimpa kiazi kikubwa cha moto. Winnie alikishika mpaka kikapoa. Njiani alimpa mtoto wa jirani.

Ijumaa alfajiri walipanda basi la Kasulu. Barabara ilikuwa vumbi tupu, na kila mara basi liliporuka shimo, Pelagia aliubana mkono kwenye fundo la kanga alimofunga fedha. Alisinzia, akaamka, akasinzia tena, akatabasamu peke yake. Winnie hakuwa amewahi kumwona mama yake akitabasamu usingizini.

Dukani kwa Bwana Isihaka baiskeli zilikuwa zimening'inizwa kama nyama buchani. Isihaka alikuwa mtu mnene, mwepesi wa maneno, amekwisha kuvaa kanzu na kofia kwa ajili ya swala ya Ijumaa.

"Karibuni, karibuni, mama! Hii hapa, tazama keria yake. Unaweza kumbeba mumeo na mahari yake!"

"Mume sina. Nabeba unga."

"Basi unga hautalalamika njiani. Laki moja na themanini, na pampu nakupa bure." Aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha, likalia kwa sauti laini. "Lakini fanya haraka, mama yangu, adhana inakaribia, nafunga duka."

Pelagia aligusa usukani kwa vidole viwili kama anayegusa uso wa mtoto mchanga. Kisha akaanza kufungua fundo la kanga.

"Mama," alisema Winnie. "Usimpe."

"Nini?"

"Usimpe hela, mama." Jibu lake zuri la mashine inayonguruma lilikuwa tayari, lakini lilikuwa jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza. "Harerimana aliniambia. Siku ile ile ya karatasi. Alisema Jumapili analeta laki na nusu yote, anahamia Kakonko na mashine. Aliniambia nikwambie. Nikanyamaza."

Gurudumu liliendelea kuzunguka, likapungua mwendo, likasimama.

"Ulimsikia vizuri?" hatimaye aliuliza, taratibu. "Kwenye kelele zile?"

Hapo ndipo mlango wa kukwepa ulipofunguka. Winnie angeweza kusema, "Sina hakika, mama." Mama mwenyewe alikuwa amemfungulia. Alimwona mama yake akimtazama kwa macho mekundu ya vumbi, macho ya mtu anayeomba jibu fulani.

"Nilimsikia vizuri," alisema Winnie. "Aliniinamia sikioni."

Isihaka alikuwa amesikia, akauliza, na Pelagia akamweleza habari yote ya karatasi na bibi aliyeinunua. Alikaa juu ya kasha la misumari, akavua kofia, akaivaa tena. "Mimi dini yangu hainiruhusu deni lizae," alisema, "kwa hiyo karatasi hizo sizinunui wala siziuzi. Lakini hesabu naielewa, binti. Yule bibi aliona ananunua ng'ombe wa maziwa, akalipia ng'ombe, akalipia na maziwa ya mwaka na nusu. Wewe ulijua ng'ombe huyo anachinjwa Jumapili."

Winnie akaanza kulia.

"Usilie dukani kwangu, wateja watadhani nimekupiga. Mama, je? Fedha ziko mkononi mwako, na karatasi imekwisha kuhama. Unanunua?"

Pelagia alilifunga tena fundo. Alilifunga mara mbili. "Laki na nusu ni yangu," alisema. "Hamsini si yangu. Na laki na nusu haitoshi. Nenda ukaswali, baba. Tumekuchelewesha."

Walipanda basi la kurudi. Pelagia hakusinzia. Winnie alingoja kugombezwa, akatamani kugombezwa, lakini mama yake alitazama nje tu, vilima vikipita, uso wake umejaa vumbi na njia mbili za machozi zimekauka juu yake. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, ilikuwa imekwenda na maji.

Waliposhuka hawakupitia nyumbani. Walimchukua Mzee Bazilio, wakavuka bonde mpaka kwa Bibi Ntirampeba.

"Sema mwenyewe," Pelagia alimwambia Winnie. "Mdomo ulionyamaza ndio utakaosema."

Winnie alisema yote, mpaka ya dukani Kasulu. Bibi Ntirampeba alisikiliza akiwa amesimama, na alipoelewa, hakuwa tena bibi wa viazi vya moto.

"Mbuzi wangu!" alipiga kelele. "Mbuzi wangu wamekwisha kuchinjwa, wameliwa! Uliniangalia nikihesabu noti! Nikakufundisha kwa mdomo wangu mwenyewe, elfu na mia nne, elfu na mia nne, na wewe umekaa hapo unajua! Halafu ukaja hapa, nikakupa kiazi!"

"Sikukila, bibi."

"Bora ungekila, ningejua una njaa!"

Pelagia aliweka laki mbili zote juu ya mkeka. Bibi alizihesabu mara tatu, midomo ikimcheza kwa hasira, kisha akaitoa karatasi kifuani na kuirudisha. Mzee Bazilio aliandika nyuma yake kwamba imerudi kwa Pelagia, na sababu yake.

"Kosa lingine ni langu," alisema mzee. "Nimezoea kuwatazama wakubwa ninapouliza kama kuna mwenye neno. Nyumbani kwa watu, wanaotumwa mashineni ni watoto. Tangu leo nitawauliza na wao, tena kwa majina."

Jumapili baada ya kanisa Harerimana alikuja kama alivyoahidi, amenawa, hana unga hata kwenye nyusi. Alihesabu laki moja na nusu mbele ya balozi, akapewa karatasi, akaichana vipande vidogo. Bibi Ntirampeba naye alikuja, akakaa mbali, akitazama.

"Kwa hiyo ni kweli unakwenda," alimwambia Harerimana.

"Ni kweli, mama. Kesho kutwa gari linakuja."

"Na sisi tutasaga wapi?"

"Kibondo mjini. Mashine ziko nyingi kule."

"Mashine ni nyingi, shingo ni moja!" alisema bibi, na watu wakacheka hata kama hawakupenda. Yeye hakucheka. Alichora mavumbini kwa kijiti, kisha akamgeukia Pelagia. "Mama Winnie. Baiskeli ya hapa Kibondo ni kiasi gani?"

"Laki mbili."

"Una laki na nusu. Mimi mbuzi siwezi kuwarudisha, wametafunwa. Ile hamsini yangu ilikuwa inakwenda kununua kusagiwa. Basi inunue magurudumu. Wewe umetoa mafungu matatu, mimi fungu moja. Siku tatu baiskeli ni yako, siku ya nne ni yangu. Na siku yangu, huyu," alimnyooshea Winnie kijiti, "ataisukuma na mzigo wangu mpaka mashineni, mpaka shule zifunguliwe. Simlipi."

"Utaniamini, mama? Baada ya haya?" aliuliza Pelagia.

"Wewe ulizifunga hizo fedha tena kwenye kanga ukiwa umeishika baiskeli. Mwenye duka wa Kasulu hakukulazimisha, mimi sikuwa na habari. Nikuamini kwa lipi zaidi? Huyu mtoto ndiye bado ninamtazama."

Jumatatu walinunua baiskeli. Siku tatu za kwanza Pelagia alipeleka unga wake sokoni, magunia mawili kwa safari moja, na jioni aliweza kupika bila kukaa kwanza kizingitini. Siku ya nne Winnie alivuka bonde kabla jua halijapanda, akafunga muhogo wa bibi kwenye keria, akaanza kusukuma. Kwa vilima vya Kitahana baiskeli yenye mzigo haipandwi. Inasukumwa, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kiti, mgongo umepinda. Pelagia, aliyekuwa na safari yake ya mjini, alitembea pembeni akisaidia kusukuma kwa nyuma.

Katikati ya kilima walisimama kupumua.

"Mama, bado umenikasirikia?"

"Nimechoka tu, mwanangu. Hasira inataka nguvu." Pelagia alifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Lakini nisikilize, kwa sababu nitalisema mara moja. Kuna vitu vinauzwa kwa zaidi ya kiasi kilichoandikwa juu yake, na hilo si wizi. Bibi alitaka kulipa laki mbili kwa karatasi ya laki na nusu, na hesabu yake ilikuwa sawasawa. Ile nyongeza ilikuwa bei ya siku zijazo. Ukijua siku hizo hazitakuja, na yule anayelipa hajui, basi kunyamaza kwako ni sawa na kuingiza mkono kwenye fundo la kanga yake. Hata kama ulinyamaza kwa kunihurumia mimi. Hasa kama ni kwa kunihurumia mimi, maana baiskeli ile ningeipanda kila siku bila kujua nimeikalia nini."

Winnie aliinamisha kichwa. "Sitanyamaza tena, mama."

"Najua. Pale dukani nilikuuliza kama ulisikia vizuri. Nilitamani useme hapana. Uliona?"

"Niliona."

"Na hukusema hapana." Pelagia aliushika usukani upande wa pili. "Siku ile nilipoteza baiskeli ya Kasulu na nauli, nikajua kwamba nina mtoto ninayeweza kumtuma popote. Haya, sukuma. Bibi anataka unga wake mapema."

Wakainamisha migongo, mmoja huku na mwingine huku, wakaupandisha mzigo wa Bibi Ntirampeba mpaka juu.